Nusu Kopo

"Ulimi umenichubuka," alisema Tage Brorsen,
akaliweka kopo mezani kwangu
kama mtu anayerudisha viatu vilivyombana.
Thisted yote ilikuwa imelowa siku ile,
theluji ikijifikiria kuwa mvua,
na kila mteja aliniachia mlangoni tope la rangi ya chai.

Nikamwambia autoe. Akautoa,
mzee wa miaka sabini na mmoja, dereva mstaafu wa lori la maziwa,
macho juu, kama mtoto mbele ya nesi.
Ncha nyekundu. Pembeni kama kumepitishwa tupa.

Nilifungua kopo. Lilibaki nusu.
Tumbaku ya mvuke, njano tupu,
tamu puani, nzito kwa unyevu,
sukari yake bado imo. Ukiivuta kwa pupa
moto unaichemsha badala ya kuiunguza,
na kinachofika mdomoni si moshi tena, ni pumzi ya birika.

Basi nikashusha mitungi.
Jani la hewa kwanza, kahawia, pole,
lisilo na sukari ya kumdanganya mtu.
Akavuta mara tatu. "Kama kulamba kadibodi."
Nikampa ile nyeusi iliyokaushwa kwa moshi wa kuni,
haiumi hata ukiivuta kama treni,
ila hunukia kanisa lililoungua.
"Mkeo atakulaza nje," nilisema.
"Bodil amelala na harufu ya maziwa yaliyochacha miaka arobaini,"
alijibu, lakini akairudisha.
"Sitaki nyingine. Nataka hii. Isiume, basi."

Hapo ndipo nilipogeuza kopo na kuona chini yake
mkwaruzo wa ufunguo: V.B.
Viggo. Kila Alhamisi, miaka ishirini, kopo la aina hii hii.
Naye nilimwambia aikaushe. Alicheka:
"Mimi ndiye ninayeiuma."
Mji mzima unajua alichomwambia nduguye
siku waliyomzika mama yao, mbele ya kahawa na keki,
na kwamba kwa miaka tisa walipishana barabarani,
lori na trekta, bila hata kuwashiana taa.
Heri kujikwaa kidole, walisema wahenga.
Viggo hakuwahi kujikwaa kidole.
Mimi nikauuma wangu, nikachukua gazeti.

"Itandaze hapa. Karibu na hita, si juu yake.
Ngoja mpaka ukiibana isishikamane, ukiiachia isivunjike.
Shindilia taratibu, chini ilegee.
Kisha vuta kama unayeonja uji ambao bado uko jikoni,
ncha ya kijiko tu. Kiko kikiwa hakishikiki shavuni kwa joto,
kiweke chini, zungumza na Bodil.
Kikizima, kimezima.
Na kwa kila vijiko vitatu vya hii
changanya kimoja cha jani la hewa."

Kijiko hicho cha nne kilimtatiza.
Alihesabu kwa midomo: ikichanganywa, itafika Mei.
Isipochanganywa, itaisha kabla ya Pasaka,
lakini itakuwa ya Viggo yote.
Sikuwa na jibu la hilo katika mtungi wowote.
Nilimpimia gramu hamsini, nikafunga kwa karatasi.
Alilipa kwa sarafu, akizisukuma moja moja.

Alirudi mwezi Machi kununua vijiti vya kusafishia kiko.
Ulimi? Mzima, alisema, akauonyesha bila kuombwa.
Akabaki amesimama, kofia mkononi,
akikanyaga tope lake mwenyewe.

"Jumapili haikuuma kabisa," alisema.
"Hata kidogo.
Ikabidi niivute haraka."